Pampu Inatoa Moshi Mweusi? Usikimbilie Kununua Kabureta

Kiangazi kikishika na watu wakarudi kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, pampu za maji za petroli zinaanza kushushwa kwenye pikipiki mbele ya duka letu hapa Njombe. Malalamiko ni yale yale: inakunywa mafuta kuliko mwaka jana, moshi mweusi, haishiki silensa (haitulii ikiunguruma taratibu), ukiiongezea moto inakoroma kama inataka kuzima. Na mteja anakuwa ameshatoa hukumu njiani: kabureta imekufa, nipe mpya. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, tunauza, ila mara nyingi hiyo ya zamani inasingiziwa.

Moshi mweusi ni petroli iliyokosa hewa ya kuichoma. Kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa hiyo hata kama mafuta hayajaongezeka, hewa ikibanwa tu moshi utauona. Ndiyo maana tunaanzia upande wa hewa, ambako dawa yake ni rahisi.

Kabla ya yote, fungua plagi uitazame. Injini yenye afya huipa rangi ya kahawia. Ikiwa nyeusi, kavu, na masizi yanabaki kidoleni, mafuta yamezidi. Ikiwa nyeusi inayoteleza, na moshi ni wa bluu, hiyo ni oili inaungua; hapo tuzungumzie ringi za pistoni, siyo kabureta.

Sasa choki, ile inayobana hewa wakati wa kuwasha mashine ikiwa baridi. Usiuamini ule mkono wake. Toa chujio la hewa, chungulia mdomo wa kabureta huku ukiusogeza: kisahani cha ndani kinatakiwa kufunguka chote. Tunakuta mkono umefika mwisho, kisahani kimebaki nusu.

Chujio nalo lina vituko. Mahali pasipo na vumbi, washa mashine bila chujio kwa muda mfupi tu. Ikitulia, umempata mwizi. Sponji inaoshwa kwa sabuni na maji ya vuguvugu, inakaushwa, inachovywa kwenye oili safi, halafu inakamuliwa sana. Hapo kwenye kukamua ndipo watu wanaporuka, na sponji inayochuruzika oili inaziba hewa sawasawa na ile iliyojaa udongo. Chujio la karatasi haliosheki. Likishajaa, nunua jingine.

Hayo yote yakiwa sawa, ndipo ufungue bakuli la kabureta. Tikisa floti, kile kiboya cha ndani, sikioni. Ukisikia petroli inacheza ndani, imetoboka na haiwezi kuelea. Angalia ncha ya sindano yake, ile inayofungia mafuta: ikiwa na alama ya kulika, au kuna punje ya mchanga imekaa pale inapozibia, mafuta hayazuiliki. Jeti, kile kipande chenye tundu dogo linalopitisha mafuta, isafishe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Waya, hapana! Tundu lile limetobolewa kwa kipimo cha sehemu ndogo ya milimita. Ukilichokonoa kwa waya wa breki ya baiskeli linapanuka, na kuanzia siku hiyo mashine itakula mafuta daima. Jeti za namna hii tunaziona kila msimu.

Kuna wenye pampu mpya kabisa kutoka Dar, na bado inatoa moshi. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi, lakini jeti iliyomo inamimina mafuta ya kutosha hewa ya pwani. Tunafunga jeti ya namba ndogo zaidi, unasubiri hapo hapo. Ile ya zamani itunze. Ukija kumwazima shemeji yako wa Ifakara, aifunge hiyo ya zamani kabla ya kuwasha, maana kule chini jeti ndogo itaifanya injini ikose mafuta, ichemke, na pistoni inaweza kuungua.

Jambo moja usilisubirishe: chomoa kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli au ikiwa imepanda juu ya alama, usivute kamba tena. Imwage, weka mpya, na utafute kwanza petroli inakovujia. Injini ya aina ya Honda GX160 inachukua takriban lita 0.6 tu za oili. Na ukiisafirisha kwenye pikipiki, funga koki ya tangi.

Ukija kwetu, njoo na plagi ile ile bila kuifuta, na utuambie shamba liko wapi.