Barua ya malalamiko: Mlisema kadi ya mtandao imeungua, kumbe mlikuwa mmeifungia wenyewe

Mbinga, Ruvuma
12 Agosti 2024

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: SEVA YETU KUKOSA MTANDAO BAADA YA FUNDI WENU KUBADILISHA KERNELI USIKU WA TAREHE 3 AGOSTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa mifumo ya kompyuta wa chama cha akiba na mikopo ambacho kiliinunua kwenu seva mwezi Mei 2022, na tangu hapo kinawalipa kila robo mwaka kwa mkataba wa matunzo. Hatujawahi kuchelewesha malipo hata mara moja. Naandika kwa kirefu kwa sababu kwa simu nimeshaeleza mara nne, kwa watu wanne, na kila mmoja alianza kwa kuniuliza kama waya umechomekwa.

Kwanza niseme lisilo kosa lenu. Kupandisha toleo niliomba mimi. Seva ilikuwa na mfumo endeshi wa Linux uitwao Debian, toleo la 11, ambayo matunzo yake ya kawaida ya usalama yanaishia tarehe 14 mwezi huu na kukabidhiwa kwa kundi la LTS, yaani la matunzo ya muda mrefu. Fedha za watu zimo humo, sikutaka tufike tarehe hiyo tukiwa bado tuko pale. Tukakubaliana twende Debian 12, maana yake kerneli, kile kiini cha mfumo kinachoongoza vifaa vya mashine, inatoka 5.10 kwenda 6.1. Tukachagua usiku wa Jumamosi kwa kuwa ofisi hufungwa Jumamosi mchana na kufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Mpaka hapo sina neno.

Fundi wenu aliingia kwa mbali saa tano usiku. Saa saba kasorobo akaiwasha seva upya, na haikurudi hewani. Saa saba na dakika ishirini akanitumia ujumbe: niangalie umeme asubuhi. Nikausoma alfajiri. Hakuniambia niwepo ofisini usiku ule. Naishi mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ofisini. Angesema neno moja ningekesha pale na blanketi langu, kwa kuwa mashine hii, kama mnavyojua nyie mlioiunda, haina mlango wa pembeni wa kuisimamia kwa mbali mtandao ukikatika. Njia ya kuifikia ni moja tu, ile kadi ya mtandao. Kadi ikinyamaza, kilichobaki ni mtu kukaa mbele ya skrini, na mtu huyo alikuwa amelala bila habari.

Jumapili saa moja asubuhi nilikuwa nimeshachomeka skrini na kibodi. Umeme ulikuwepo, seva imewaka vizuri, inaomba jina na neno la siri kama siku zote. Nikaandika ip link, amri ya kuorodhesha njia za mtandao za mashine. Likatoka jina moja tu, lo, lile la mashine kujiongelesha yenyewe. Nikampigia fundi nikamsomea. Siku nzima ikaishia kwenye maagizo: badilisha waya, badilisha tundu la swichi, zima swichi yenyewe, fungua kasha upulize vumbi. Yote nikafanya. Saa tisa akasema kadi imeungua wakati wa kuwasha upya. Nikamwambia hapana, nikiandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vilivyomo ndani, naiona, imeandikwa RTL8125, na nikamsomea mstari mzima herufi kwa herufi. Akajibu kuonekana si kufanya kazi. Saa kumi na moja jioni ikaingia profoma yenu kwa barua pepe: kadi mpya, nauli ya fundi, malazi yake siku mbili na ufungaji, jumla shilingi 1,140,000, na fundi angeondoka Dar Jumanne.

Ndugu Meneja, naomba uijue Jumatatu ile ilikuwaje. Huku ni msimu wa kahawa, na malipo ya wakulima hupitia kwenye akaunti zao kwetu. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani. Makeshia hawakuweza kuona salio la mtu yeyote kwa sababu kompyuta zao haziifikii seva. Bodi ikaamua kila mwanachama apewe si zaidi ya shilingi 50,000, iandikwe kwenye daftari, asaini kwa kalamu. Mzee mmoja alikuwa amekuja kwa bodaboda toka kijijini kuchukua shilingi 380,000 za kuwalipa vibarua wake wa kuchuma. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza, "Mwanangu, hela zangu zimeenda wapi?" Nikamwambia zipo, ila kompyuta haizifikii. Aliniangalia muda mrefu, akachukua zile elfu hamsini, akazihesabu mara mbili, akaondoka. Vibarua wale walikuwa wanamsubiri shambani. Kahawa iliyoiva haisubiri mafundi, na mtu akishaanza kujiuliza kama akiba yake ipo, kumrudishia imani ni kazi ya miaka.

Nikarudi chumba cha seva nikiwa nimeamua kutosubiri Jumanne. Nikachomeka simu yangu kwenye tundu la USB la seva, nikaiweka igawe intaneti kwa waya, na kwa bando langu mwenyewe nikapakua vichwa vya kerneli ya 6.1 (mafaili ya kujengea draiva) na zana za kukompaili, yaani kugeuza msimbo uwe programu. Kwenye folda ya /root nilikuta chanzo (msimbo) cha draiva ya r8125, programu ya kuiendesha kadi, mlichokiacha, cha mwaka 2021. Nikajaribu kukikompaili, kikakataa kwenye netif_napi_add, amri ya ndani ya kerneli, kwamba imepewa hoja (thamani) nyingi mno. Hilo linajulikana: mpaka kerneli 6.0 ilipokea hoja nne, na kuanzia 6.1 inapokea tatu, ile ya uzito imeondolewa. Chanzo cha 2021 hakiwezi kulijua badiliko la 2022. Wala si siri kwamba mambo ya ndani ya kerneli hubadilika hivi. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa Linux, ameliandika waziwazi kwenye nyaraka zinazokuja na kerneli yenyewe, kwamba draiva iliyoko nje haina ahadi yoyote ya kukubalika toleo lijalo.

Ndipo nikaelewa mlichofanya 2022. Hamkutumia draiva inayokuja na kerneli. Mlikompaili ya kwenu kwa mkono, kwa ajili ya 5.10 peke yake. Moduli, yaani draiva iliyokwisha kukompailiwa, ikitengenezwa kwa kerneli moja haipakiwi kwenye kerneli nyingine, inabaki kwenye folda la ile ya zamani. Nikaliangalia: ndani ya /lib/modules folda la 5.10 lilikuwa bado lipo, limebaki na moduli moja tu, r8125.ko yenu. Kwenye 6.1.0-23-amd64 haimo. Hapo kadi ikakosa draiva. Lakini bado nikajiuliza, mbona kerneli haikutumia ile iliyo nayo? Maana RTL8125 inatambuliwa na draiva ya r8169 iliyomo ndani ya kerneli tangu toleo 5.4 la 2019. Siku mnatuletea seva, Debian 11 ilikuwa tayari inaijua kadi hii bila msaada wa mtu.

Nikatafuta neno r8169 ndani ya /etc/modprobe.d, mnamokaa maagizo ya kupakia au kuzuia draiva. Likatoka faili moja lenye jina la kampuni yenu, la tarehe ileile mliyotukabidhi seva. Ndani mna mstari mmoja:

blacklist r8169

Maana yake r8169 isipakiwe yenyewe. Nikaandika modprobe r8169 kuipakia kwa mkono, nikabonyeza Enter. Nikaandika tena ip link. Safari hii likatokea na enp3s0, jina la ile kadi ya mtandao. Nikaipa anwani kwa ifup. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri, na kabla sijatoka kwenye chumba nilimsikia keshia wa dirisha la pili akiita kwamba imerudi. Baadaye nikaufuta ule mstari wenu, nikatengeneza upya initramfs, lile furushi dogo linalotumika mashine inapowaka, nikaongeza kwenye orodha ya hazina za programu sehemu ya non-free-firmware iliyoanzishwa na Debian 12, ambayo fundi wenu pia hakuiweka, nikasakinisha firmware-realtek, programu ndogo za ndani za kadi za aina hii. Nimeiwasha upya mara tatu tangu siku ile, mara zote nikiwa nimesimama mbele yake. Inarudi yenyewe.

Kama mlikuwa na sababu ya kuchagua draiva yenu badala ya ile ya kerneli, huenda ilikuwa sababu nzuri. Sijui, kwa kuwa hati ya makabidhiano ninayo hapa mezani na haitaji draiva wala ule mstari wa kuizuia nyingine. Na kama lazima iwe ya kwenu, basi ingewekwa kwa DKMS, ambayo hujaribu kuijenga upya kila kerneli mpya inapoingia. Ingeshindwa, ndiyo, kwa sababu ya netif_napi_add, lakini ingeshindwa mbele ya macho ya fundi wenu usiku ule, kabla hajawasha upya, wakati bado ana njia ya kuingia.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu hilo si la 2022, ni la usiku uleule. Kwa kawaida Debian huacha kerneli ya zamani, na mtu akikwama huichagua kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine ikiwaka, akaendelea na kazi. Jumapili asubuhi nilipofungua menyu nilikuta ya 6.1 peke yake. Kumbukumbu ya apt, programu inayosakinisha na kuondoa programu nyingine, inaonyesha kuwa saa sita na dakika 31 usiku, robo saa kabla ya kuwasha upya, kerneli ya 5.10 iliondolewa. Sababu naiona: sehemu ya /boot, zinamokaa kerneli, mliipima ndogo, MB 240, ikajaa, fundi akatafuta nafasi. Lakini kerneli hiyo ndiyo ilikuwa inaendesha mashine dakika ile. Debian haikuachii uiondoe kimyakimya. Hukusimamisha na kukuuliza kama unataka kuacha. Fundi wenu aliulizwa, akajibu aendelee. Kungekuwa na kerneli ile, Jumapili saa moja na robo nisingekuwa na shida yoyote, na yule mzee angeondoka na shilingi zake 380,000.

Sitaki kijana huyo afukuzwe kazi. Nimeongea naye sana siku zile mbili, ana adabu, na nadhani hakuna aliyewahi kumweleza kuwa seva alizokabidhiwa zina draiva iliyofichwa. Nashughulika na ofisi iliyompeleka usiku, peke yake, kwenye mashine asiyoijua historia yake, bila orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kuwasha upya. Kuandika modinfo r8125 dhidi ya kerneli mpya, kuona kama draiva ile imo, kunachukua sekunde tano.

Bodi ya chama imekaa tarehe 9 na kunipa maelekezo nilete kwenu haya. Tunataka profoma ya shilingi 1,140,000 ifutwe kwa maandishi, na barua hiyo ikiri kuwa kadi haikuungua, kwani taarifa ya kuungua imeshaingia kwenye faili letu la vifaa na mkaguzi ataiuliza. Tunataka turudishiwe ada ya matunzo ya robo hii ya tatu. Tunataka kazi yoyote ya kubadilisha kerneli kuanzia sasa isifanyike bila mtu wetu kuwepo mbele ya mashine, na kerneli ya zamani isiguswe mpaka mimi nitie saini kuwa mpya imefanya kazi siku saba. Sehemu ya /boot mje mnipanulie kwa gharama zenu.

La mwisho si la kwetu. Siku ya makabidhiano fundi wenu wa wakati ule alisema seva kama yetu mmezipeleka kwa wateja wengine pia. Kama mliziandaa kwa mkono uleule, basi ule mstari mmoja umo ndani ya kila moja, na wenye mashine hizo nao wanahama Debian 11 mwaka huu kama sisi. Huenda baadhi ni zahanati au shule. Waandikieni wiki hii, waambieni waangalie /etc/modprobe.d kabla hawajagusa kerneli. Nimeambatisha maelezo ya hatua kwa hatua ya namna nilivyorekebisha, yatumieni bure.

Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 toka mtakapopokea barua hii. Yasipokuja, bodi imeniagiza nikabidhi faili hili kwa mwanasheria wa chama. Seva iko wazi kwa ukaguzi siku yoyote ya kazi. Kadi iko ileile, na namba yake ya utambulisho (MAC) ni ileile mliyoiandika kwenye hati ya makabidhiano mwezi Mei 2022.

Wenu katika kazi,

(sahihi)
Msimamizi wa Mifumo ya Kompyuta

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Mhasibu wa chama
Viambatisho: kumbukumbu ya apt ya tarehe 3 na 4 Agosti, nakala ya faili la modprobe.d, profoma, maelezo ya marekebisho