Msizime SELinux kwa kuwa mtumiaji mmoja ameshindwa kuingia

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwasihi wenzangu tunaosimamia seva za hospitali, sacco na shule hapa Nairobi tuache mazoea yaliyokita mizizi katika kazi yetu: kuzima ulinzi wa SELinux, sehemu ya Linux inayoweka mipaka kwa kila programu, mara tu mtumiaji anapopiga simu kusema kwamba hawezi kuingia kwenye mfumo. Amri ya "setenforce 0", inayofanya SELinux iandike makosa tu bila kuzuia lolote, inaandikwa, mtumiaji anaingia, malalamiko yanakwisha, na hakuna anayerudi kuuwasha ulinzi huo. Wengine huandika "disabled" katika faili ya usanidi, ili hata mashine ikiwashwa upya ulinzi usirejee.

Ruhusa za kawaida za Linux humwachia mwenye faili uamuzi wa nani asome na nani aandike, na root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, hazimzuii kwa lolote la maana. SELinux, ambayo shirika la usalama la Marekani, NSA, liliitoa kwa umma mwaka wa 2000 na ikaingizwa katika kerneli (kiini) ya Linux mwaka wa 2003, huongeza juu ya ruhusa hizo sera ya lazima. Kila mchakato (programu inayoendeshwa) na kila faili hupewa lebo, na jambo ambalo sera haikuliruhusu waziwazi hukataliwa, hata anayeliomba akiwa root.

Huduma zinazoshughulikia vikao vya watumiaji ndizo zinazohitaji sera hiyo zaidi. Chukua systemd-logind, inayofuatilia nani ameingia na kikao chake kiko wapi, na kupokea maombi ya kuzima mashine. Huendeshwa kwa mamlaka ya root, kwa hiyo mvamizi akiiteka pasipo SELinux hupata karibu kila kitu ambacho root anaweza. Sera ikiwepo, mvamizi huyo hubaki ndani ya eneo liitwalo systemd_logind_t na kugusa yale tu ambayo eneo hilo limeruhusiwa. Sisemi kwamba hataleta madhara, kwa sababu kazi ya huduma hiyo inahitaji ruhusa nyingi, lakini hataweza kuzurura mashine nzima atakavyo. Tena anayeandika "setenforce 0" haiachilii huduma hiyo peke yake: seva ya wavuti na hifadhidata ya wagonjwa huachiliwa pamoja nayo, ilhali hazikuwa na kosa lolote.

Mara nyingi kiini cha tatizo ni kidogo. Diski inajaa, fundi anahamisha saraka za watumiaji kutoka /home hadi diski mpya, tuseme /data/home, na kesho yake hakuna anayeweza kuingia kwa ufunguo wa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Ufunguo ni sahihi na ruhusa za kawaida hazina kasoro. Ukifungua /var/log/audit/audit.log, utakuta mstari wa AVC, yaani rekodi ya SELinux ya ombi lililokataliwa, wenye neno "denied": aliyeomba ana lebo ya sshd_t, ya huduma ya SSH, na faili aliyotaka kuisoma ina default_t, lebo ya mahali ambapo sera haipatambui. Jibu limo humo humo. Unaiambia sera kwamba saraka hiyo ichukuliwe kama /home kwa "semanage fcontext -a -e /home /data/home", kisha unarekebisha lebo kwa "restorecon -R -v /data/home". Watumiaji wanaingia, na ulinzi haujazimwa hata kidogo.

Ikiwa kasoro iko katika sera yenyewe, bado hakuna haja ya kuilegeza mashine nzima. Amri ya "semanage permissive -a systemd_logind_t" hulegeza eneo hilo moja tu. Makosa yanaendelea kuandikwa ili uyachunguze, na ukimaliza unairejesha hali kwa "-d" badala ya "-a". Nawasihi pia wanaotumia audit2allow, chombo kinachogeuza makosa hayo kuwa kanuni za ruhusa, wasome kila kanuni kabla ya kuipakia, maana chombo hicho huruhusu chochote kilichokataliwa, hata kilichokataliwa kwa haki.

Najua kwa nini wengi hawaurejeshi ulinzi huu. Faili zinazoundwa wakati umezimwa kabisa hazipati lebo, na siku ya kuuwasha ni lazima diski yote iwekwe lebo upya, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu huku huduma zimesimama. Hiyo ndiyo sababu ya kutouzima tangu mwanzo. Simu za Android zimetekeleza SELinux kikamilifu tangu toleo la 5.0 la mwaka wa 2014, na wenye simu hizo wanatuma pesa kila siku bila hata kujua kwamba ipo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data za watu ajenge ulinzi ndani ya mfumo wenyewe. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa mashirika wawaulize mafundi wao amri ya "getenforce", inayoonyesha kama SELinux inafanya kazi, inajibu nini kwenye kila seva, na wasitie sahihi mkataba na muuzaji yeyote wa programu ambaye mwongozo wake unaanza kwa kuagiza SELinux izimwe, mpaka alete sera inayoiwezesha programu yake kufanya kazi chini ya ulinzi huo.

Msimamizi wa mifumo,
Nairobi