Shukrani kwa kaka wa pikipiki

Kaka, jina lako sikuliuliza. Usiku ule akili yangu yote ilikuwa kwenye mguu wa mama. Nyoka amemuuma, gari la wagonjwa haliwezi kuvuka mto, nami nimeshika kamba nataka kuikaza juu ya jeraha. Ukaninyang'anya. Ukanikataza pia kuchanja jeraha, ukafunga mguu kwenye fimbo mbili kwa shuka lililochanwa ili usitikisike. Kamba, ulisema, inaweza kuua mguu wenyewe. Kisha ukapiga simu hospitali kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, kabla hata hujawasha pikipiki. Hilo nisingeliwaza kabisa!

Mama anatembea, ingawa anachechemea kidogo. Fimbo zako bado ninazo. Ukipita, piga honi.