Kabla hamjapakia lori

Mwanza, Jumapili jioni

Wadila Mabula,

Habari za Dar, na mama Nyanzala hajambo? Huku wazima. Ujumbe wako wa jana ndio ulionishikisha kalamu. Unasema mchango umetimia na mnataka kujaza lori nguo na magodoro, lije kwa watu wa mwaloni, huku kando ya ziwa, walioezuliwa mapaa na dhoruba. Ndugu yangu, nakuomba, lisipakiwe. Nauli ya lori toka Dar ni bati nyingi mno, na bati zinauzwa hapa hapa mjini. Magodoro yakifika leo yatalala wapi, na mvua za vuli bado zinapiga?

Wiki hii wanahitaji turubai na maji salama. Turubai la mita 4 kwa 6 linafaa kaya moja, pamoja na kamba ya kutosha. Tundu la kona likichanika, wasitoboe jingine pembeni, nalo litachanika. Wachukue kokoto laini, waifunge ndani ya turubai kama mtu anavyofunga sarafu kwenye pindo la khanga, kisha kamba ikazwe shingoni mwa hilo fundo. Halafu turubai waliinamishe upande mmoja, maji yasituame katikati.

Maji ya ziwa pale kando yamechanganyika na ya vyoo vilivyofurika, na kipindupindu tunakijua. Nunueni vidonge vya kutibu maji, vile vya kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20. Maji yakiwa na tope wayachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, watie vidonge viwili, wafunike, wasubiri nusu saa. Na ndoo ziwe za mfuniko na koki, maana maji yaliyotibiwa yakichotwa kwa kikombe cha kila mtu yanachafuka upya.

Sasa paa. Hapa ndipo fedha yenu inaweza kuokoa au kupotea, kwa hiyo msomee na Masanja.

Bati si ndizo zilizoshindwa. Upepo wa ziwani huingia chini ya ukingo, ukainua paa zima na mbao zake, kwa sababu kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zilipigwa misumari tu kwenye mbao ya juu ya ukuta, na mbao hiyo imelazwa juu ya tofali bila kufungwa na chochote. Mkileta bati 200 mpya zikapigwa vile vile, dhoruba ijayo itazibeba. Pungueni bati, ongezeni waya mnene au nondo ya milimita 6. Ipite chini ya kozi (mistari) nne au tano za juu za tofali, ipande, izungushwe kwenye mbao ya ukuta na kenchi, ikazwe. Uzito wa ukuta ndio utakaoshika paa. Mawe juu ya bati hayashiki kitu, yanaporomoka usiku juu ya watoto.

Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, usipigwe bondeni yanakopita maji. Bati la mita 3 likilala juu ya papi nne, zile mbao linapopigiliwa, linataka misumari kama 15: kwenye papi za mwisho, chini na kileleni, kila mgongo wa pili, katikati kila wa tatu. Na paa la baraza lijitegemee, likiondoka lisiburute la nyumba.

Bati za zamani zisitupwe. Zinyooshwe, ila fundi asizigeuze: ukigeuza, mgongo unakuwa bonde, na matundu yote yanavuja. Waokotaji wavae glovu na viatu. Bati lililopinda linakata kama wembe, na aliyekatwa aende zahanati kwa sindano ya pepopunda. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe hata kama unaonekana umekufa, mpaka TANESCO waje.

Jambo jingine linanisumbua, sijui mmelifikiria. Wengi pale ni wapangaji. Ukimpa mpangaji bati, umempa mwenye nyumba. Mpangaji apewe kodi ya miezi kadhaa kwa simu, na ada ya kutolea fedha iwemo. Mwenye nyumba mkimwezekea, akubali mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hapandishi kodi wala hamtoi mtu. Na wale akina mama wa dagaa, nyavu zao za kuanikia zimekwenda na maji... hilo nitakuandikia peke yake.

Narudia la waya wa kufungia paa: kama fedha ni chache, ezekeni nyumba 10 zilizofungwa waya, si 20 zilizopigiliwa misumari tu.

Sasa nijibu. Mmechanga kiasi gani hasa? Nani anashika fedha, na mko tayari kulipa duka la vifaa moja kwa moja, risiti ije kwenu? Orodha mmeipata kwa nani, na yule bibi wa nyumba ya mwisho yumo? Lori mmeshalilipia? Doto anaweza kupanda basi kesho, asimame na mafundi siku tatu?

Nipigie usiku.

Kulwa