Malalamiko: mliniuzia kontrola ya breki ya taimu mkaniambia ni ya proposhono

Kwa meneja wa duka,

Habari za kazi. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu hata nyie mlinitangazia kwa Kiswahili, tangazo lenu la kontrola za breki za trela nililiona kwenye grupu letu la wasap hapa Aurora, Colorado, na kijana wenu wa kaunta tuliongea Kiswahili mwanzo mwisho, kwa hiyo hakuna neno lililopotea njiani. Nimepiga simu mara nne, nimeacha ujumbe mara mbili, jibu pekee nililopata ni voisi noti ya sekunde kumi, "kaka hizo zote ni sawa tu, wewe punguza pawa". Sio sawa, na barua hii naandika ili mwenye duka mwenyewe asome, sio kijana.

Nianze mwanzo. Nina pikapu ya Ford F-150 ya 2013, ilikuja na soketi ya pini 7 nyuma ya kuunganishia umeme wa trela na plagi ya kontrola chini ya deshibodi ila kontrola yenyewe, kile kifaa kinachoamuru breki za trela, haikuwemo. Mwezi wa nne nilinunua trela la boksi la futi 16, ekseli mbili, uzito wake wa juu kabisa paundi 7,000, breki za umeme kwenye magurudumu yote manne. Kazi yangu ni kuhamisha watu. Wengi wanahama ndani ya Denver hapahapa lakini kila mwezi napata mtu mmoja au wawili wa kwenda Grand Junction, na njia ya kwenda huko mnaijua, ni barabara kuu ya I-70, unapanda mpaka tanuli la Eisenhower juu kabisa zaidi ya futi 11,000 halafu ukitoka tu upande wa pili unaanza kushuka kwenda Silverthorne, mteremko wa asilimia 7, na pembeni wameweka zile njia za kukimbilia malori yakiishiwa breki. Hizo njia hazikuwekwa kwa mapambo.

Haya yote nilimweleza kijana wenu siku ile. Nilimwambia uzito, nikamwambia ekseli mbili, nikamwambia nashuka Silverthorne na mizigo ya watu. Na nikamuuliza swali moja ambalo rafiki yangu mmoja dereva alinituma niulize, hii ni ya taimu au ya proposhono? Akaniambia "ya proposhono kaka, inafuata mguu wako". Maneno hayohayo, inafuata mguu wako. Na kwenye risiti imeandikwa kontrola ya proposhono, dola 165, kufunga dola 80. Picha ya risiti nimeiweka hapa.

Sasa naomba nieleze tofauti yake kwa sababu naona dukani kwenu ama hamuijui ama mnadhani mteja hataijua. Breki za umeme za trela ndani ya kila dramu kuna sumaku, kontrola inatuma umeme kwa waya wa bluu mpaka kwenye ile sumaku, sumaku inang'ang'ania dramu inayozunguka, inavuta mkono, mkono unasukuma laining, yaani zile bitana za breki, zisugue dramu, gurudumu linashika. Umeme mwingi breki kali, umeme kidogo breki laini. Kwa hiyo kazi yote ya kontrola ni kuamua itume umeme kiasi gani na lini. Ile ya proposhono ina kisensa ndani kinachopima gari linavyopunguza mwendo, ukikanyaga taratibu inatuma kidogo, ukikanyaga kwa nguvu inatuma mwingi, trela na gari vinapungua pamoja. Ile ya taimu haipimi chochote. Inachojua ni kwamba taa ya breki imewaka, basi inaanza kuhesabu na kupandisha umeme mpaka kile kiwango ulichokiseti, iwe umegusa pedeli kwa kidole gumba au umeikanyaga kwa miguu miwili.

Niliyopewa mimi ni ya taimu. Ina vigurudumu viwili, kimoja cha pawa na kingine cha kuseti ipande haraka au polepole, na kitabu chake ambacho kijana wenu hakunipa, nimekipata mwenyewe kwenye intaneti kwa kutumia namba ya modeli iliyobandikwa chini yake, kinasema wazi kwamba haina kisensa cha mwendo ndio maana unaweza kuifunga kwa pembe yoyote. Nimeipima pia mwenyewe, gari limesimama pakingi, trela limeunganishwa, nagusa pedeli kidogo sana mpaka taa ziwake tu, namba kwenye kioo cha kontrola inapanda mpaka ile ya juu niliyoseti na inakaa hapohapo. Nakanyaga mpaka chini, namba ileile. Video nimeituma pamoja na barua hii, ina dakika moja na nusu, naomba muiangalie yote.

Dalili zilianza mapema kabla ya safari ya mlima. Kwenye foleni ya I-25 jioni, pale unapogusa breki unaachia unagusa tena, trela lilikuwa linanivuta kwa nyuma kama mtu ameshika kamba. Mama mmoja niliyemhamisha kutoka Aurora kwenda Thornton kabati lake la vyombo lilipasuka mlango wa kioo, nililifunga vizuri kwa mikanda na blanketi lakini zile stuka stuka za njia nzima zilikuwa nyingi mno, nikamlipa dola 120 kutoka mfukoni kwangu. Nikafuata ushauri wenu nikapunguza pawa. Foleni ikawa afadhali, ila nikibeba mzigo kamili nikikanyaga breki barabara kubwa naona trela ndilo linalosukuma gari, nikalazimika kupandisha tena. Hilo ndilo tatizo lenyewe la ile mashine, namba inayofaa kwenye foleni haifai kwenye mlima na inayofaa mlimani haifai kwenye foleni, na mimi niko kwenye usukani siwezi kila dakika tano niiname kuzungusha kigurudumu.

Tarehe 14 mwezi wa tisa nilikuwa na mzigo wa nyumba ya vyumba vitatu, karibu trela limejaa, kwenda Grand Junction. Mwanangu wa miaka 11 alikuwa pembeni yangu, ilikuwa Jumapili akaomba aje aone milima. Nimeshuka nikiwa nimeweka gari kwenye modi ya kuvutia trela, gia ya chini, spidi ndogo kwenye leni ya kulia na malori. Hilo silihitaji kufundishwa, mimi nimekulia Mafinga, mjomba wangu alikuwa utingo wa malori ya mbao na mteremko wa mlima Kitonga nimeushuka tangu mtoto, najua gari linashushwa kwa gia na breki unagusa kwa kusaidia tu, unakanyaga unapunguza unaachia zipumue. Nilifanya hivyohivyo. Lakini kila nikikanyaga kidogo kupunguza maili tano tu, ile kontrola ilikuwa inatuma umeme wote kwa trela, kwa hiyo breki za trela ndizo zilifanya kazi ya gari na trela peke yake, mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Kama nusu ya mteremko nikasikia harufu. Ile harufu ya Kitonga, ya laining inayoungua, mtu aliyewahi kuinusa haisahau. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni nikaona moshi kwenye magurudumu ya trela upande wa kushoto, na nikikanyaga sikuhisi tena trela linashika, lilikuwa linakuja tu.

Nikashuka gia nyingine injini ikalia, nikawasha hazadi, breki za gari peke yake zikabeba paundi karibu elfu kumi na mbili zote kwa jumla mpaka nikaingia pembeni. Mungu alisaidia sehemu iliyobaki haikuwa ndefu. Mwanangu hakusema neno, alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. Tulikaa pale pembeni karibu saa nzima dramu zipoe na malori yanapita yanatutikisa.

Fundi aliyefungua magurudumu Grand Junction alinionyesha laining zimeungua zinang'aa kama kioo, sumaku mbili zimeisha, dramu mbili zimebadilika rangi kuwa bluu. Dola 610 na kazi. Risiti ipo.

Afu wiki mbili baadaye jirani yangu Mkenya anayevuta trela la magari akaniazima kontrola yake, hiyo ni ya proposhono ya kweli, tukaifunga kwenye F-150 hiyohiyo, trela hilohilo na breki mpya, mzigo unaokaribiana, njia hiyohiyo. Tuliiseti kama kitabu chake kinavyosema, barabara tambarare kavu, maili 25 kwa saa, unavuta kile kijiti cha mkono cha kushika trela peke yake na unapandisha pawa mpaka uhisi trela linakushika vizuri bila magurudumu kuseleleka. Nikashuka Silverthorne. Nikigusa kidogo namba kwenye kioo cha kontrola inakuwa ndogo, nikikanyaga inapanda, nikiachia inashuka. Chini nikasimama nikasogeza mkono karibu na magurudumu, ya gari yana joto, ya trela yana joto, hakuna kilichozidi mwenzake sana, hakuna harufu. Kwa hiyo sio trela bovu na sio dereva asiyejua mlima, kama kijana wenu alivyotaka kunijibu.

Na sisemi kontrola za taimu ni mbaya kwa kila mtu. Mtu mwenye katrela kadogo ka ekseli moja ka kubebea majani na mashine ya kukatia nyasi, anazunguka mtaani kwenye tambarare, itamtosha na ni bei rahisi. Kwenye intaneti hiyo modeli mliyonifungia inauzwa dola 60 na kitu, mimi mmenitoza 165. Ningeambiwa ukweli ningechagua. Hata ile ya kiwandani ya Ford yenyewe ambayo inasoma presha ya breki za gari moja kwa moja ningeweza kuifikiria, ni ghali na inahitaji kupangwa na kompyuta, lakini kwa kazi yangu ingekuwa na maana. Mlininyima nafasi ya kuchagua, na hicho ndicho kinachoniuma kuliko hela.

Na kijana wenu hakuuliza hata kama breki zangu ni za umeme au za umeme unaoendesha haidroliki, yaani presha ya mafuta, na hizo za haidroliki sio kila kontrola inazikubali. Hakuuliza. Mteja mwingine anaweza kufungiwa kitu kisichofanya kazi kabisa, akagundua barabarani.

Ninachotaka. Mnirudishie dola 245 za kontrola na kufunga, kontrola yenu nimeshaitoa na iko kwenye boksi naileta. Mnilipe dola 610 za fundi na 120 za kabati, jumla yake yote dola 975. Kama mnataka kunibadilishia badala ya kurudisha zile 165 nitakubali, lakini iwe yenye kisensa, na kitabu chake nikabidhiwe mkononi na nikisome kabla haijafungwa.

Jambo la pili ni kubwa kuliko langu. Kwenye grupu kuna watu watatu ninaowajua mimi walionunua kwenu kontrola kwa tangazo lilelile, mmoja anavuta trela la chakula kwenda kwenye matamasha Breckenridge, yaani anashuka palepale niliposhuka mimi. Nimeshamwambia asipande mpaka aipime pakingi kama nilivyoipima. Lakini kuna wengine mimi siwajui ila nyie mna namba zao kwenye risiti zenu. Wapigieni. Wapigieni kabla theluji haijaanza, maana kwenye barafu kontrola inayotuma umeme wote kwa kuguswa kidogo itafunga magurudumu ya trela na trela litakuja ubavuni. Na mtoe lile tangazo au mlirekebishe, muandike ya taimu ni ya taimu.

Nawapa siku 14 kuanzia leo. Nisipopata jibu la maandishi kutoka kwa meneja, nitapeleka risiti, video na ripoti ya fundi kwa mwanasheria mkuu wa jimbo la Colorado kitengo cha walaji, na kwa kile kiasi naweza kufungua madai madogo mahakamani mwenyewe bila wakili. Ningependa tusifike huko, duka lenu liko karibu na nyumbani na nilikuja kwenu nikiamini tutaelewana.

Nipo nyumbani kila siku baada ya saa kumi na mbili jioni, Jumamosi asubuhi naweza kuja dukani na pikapu na trela vyote viwili, tupime pamoja hapohapo pakingi kwenu.

Mteja wenu,
mwenye F-150 nyeupe na trela la boksi, kazi ya kuhamisha watu, Aurora