Ushuru sifuri, mama, ila lipia hapa

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma mwaka wa kumi na tisa huu, sijawahi kukuandikia. Ila ile habari yenu ya juzi, kwamba ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa zetu zinavuka mipaka kwa ushuru sifuri, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wenu hajadanganya. Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005, na hata ule ushuru uliobakizwa kwa baadhi ya bidhaa za Kenya ulikuwa wa kupungua mwaka hadi mwaka mpaka uishe 2010. Sifuri ipo, nimeiona kwa macho yangu kwenye karatasi. Shida ni mistari iliyo chini yake.

Mwezi uliopita nilipeleka magunia kumi na mawili ya vitunguu vya Mang'ola. Mpaka siutaji, maana wiki ijayo napita tena. Cheti cha uasili, kinachoonyesha mzigo umetoka ndani ya Jumuiya, ninacho, kile rahisi cha sisi wadogo ambao mzigo hauzidi dola 2,000. Kijana wa dirishani akakiinua kwenye mwanga kama anakagua noti ya bandia, akasema, "Ushuru hakuna, mama yangu." Kisha akaanza: ukaguzi wa mimea, lipia, maegesho, lipia, halafu muhuri wa dirisha la pili, ambalo mwenyewe ameenda kula. Hiyo ni saa saba mchana. Aliyekwenda kula alirudi kesho yake saa tatu asubuhi, kijiti bado kiko menoni. Usiku mvua ilikuwa imepiga, turubai likavuja, magunia ya chini yakaanza kutoa maji ya kahawia. Ukibonyeza kitunguu, kidole kinazama. Matatu nikayatupa. Dereva naye akadai pesa ya kulala. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha boksi: hizo ada ambazo si ushuru zilikuwa zimeila faida yote na kugusa mtaji. Na muda wote huo vijana wa bodaboda wanakatiza njia za panya, gunia moja moja, wananipungia mkono.

Wala sisemi ni upande mmoja. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu ya Tanzania na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Mwaka 2017 sisi tulichoma moto vifaranga 6,400 kutoka Kenya pale Namanga. Mara zote mbili ushuru ulikuwa sifuri.

Na fomu zenyewe! Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunaambiwa Kiswahili kinatuunganisha, ngoma zinapigwa, vitenge vinashonwa. Kesho yake nenda dirishani: fomu Kiingereza, tangazo Kiingereza, na wa kukujazia anataka elfu kumi. Mimi na afisa wa nchi ya pili tunagombana kwa Kiswahili fasaha juu ya karatasi ambayo mimi siielewi na yeye hajaisoma.

Ombi langu ni dogo. Uwekwe ubao, mita mbili kwa moja, ukutani kwa choo cha kulipia, maana pale kila mtu hufika. Uandikwe kila ada kwa Kiswahili, bei yake na dirisha lake. Zikikosa kuenea, wasiongeze ubao, wapunguze ada. Na ule muhuri wa pili apewe mtu aliyekwisha kula.

Muuza vitunguu,
Karatu