Njoo Kitulo Februari, si Desemba

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua inanyesha inavyotakiwa na viazi vimeshatambaa. Ujumbe wako nimeupata, kwamba wewe na wenzako watatu wa kazini mnataka kuja kuona maua ya porini ya uwanda wa Kitulo wiki ya Krismasi. Sogezeni mbele hadi Februari, mama.

Huko Dar mnahesabu vuli na masika. Huku mvua ni moja tu, inaanza Novemba na kukatika Aprili au Mei. Desemba majani ndiyo kwanza yanachipua, na maua utayapata, ila ya kutafuta. Okidi za ardhini, yaani zile zinazoota udongoni na si juu ya miti, ambazo ndizo hasa zinazowavuta watu, zinasimama vizuri kuanzia Januari hadi Machi, na Februari ndiyo kilele. Ukichelewa hadi Aprili utakuta maua bado yapo, lakini barabara imekwisha kuwa uji. Na Julai usijaribu kabisa: uwanda una majani makavu na baridi ya kugandisha umande.

Baridi hiyo pia ndiyo inayoeleza kwa nini maua ni mengi kiasi hiki. Uwanda uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na udongo wake ni wa majivu ya volkano. Kiangazi kinakuja na baridi kali, kisha moto wa nyasi. Mmea wenye shina laini hauwezi kuvumilia vyote hivyo ukiwa juu ya ardhi, kwa hiyo mingi inajificha chini kama kiazi au kitunguu, inasubiri mvua, halafu inachomoza yote kwa pamoja. Aina za mimea zilizoorodheshwa ni zaidi ya 350, na okidi za ardhini peke yake ni 45 hivi. Ndiyo maana wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na ndiyo maana mwaka 2005 pakafanywa hifadhi ya taifa.

Sasa safari. Mkija kwa basi la Mbeya msifike Mbeya. Baada ya Makambako na Igawa mtafika Chimala, shukeni hapo. Lipangeni gari mapema, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na dereva awe mtu wa njia ile, kwa sababu kutoka Chimala kupanda Matamba kuna kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na jina ndilo hesabu yenyewe. Kupanda si tatizo kubwa. Tatizo ni kushuka. Dereva asiyejua anakanyaga breki kona baada ya kona hadi zinapata moto na kulegea. Mwambieni ashuke kwa gia ya kwanza au ya pili, injini ndiyo ilishike gari, breki iguswe kidogo tu kabla ya kona. Apige honi kila kona isiyoonekana mbele, na gari linalopanda lipewe njia. Mvua ikiwa imenyesha usiku, msishuke alfajiri. Ngojeni jua liupige udongo kwa muda wa saa mbili au tatu.

Laleni Matamba usiku mbili, siku moja haitoshi. Ofisi ya hifadhi iko hapohapo Matamba. Ulizeni mapema utaratibu wa malipo, na msitegemee noti mkononi. Ombeni mwongoza wageni anayejua mimea, mlitamke hivyo hivyo, kwa maana anayejua njia tu atawafikisha mahali na kuwaonyesha "maua mekundu" na "maua ya njano".

Kutembea kwenu kuanze saa moja asubuhi. Asubuhi kumetulia, kuanzia saa saba mchana mawingu yanajaa na radi inafuata. Uwanda ule karibu hauna miti, kwa hiyo mtu aliyesimama ndiye anayekuwa mrefu kuliko vyote. Mkiona umeme, hesabuni sekunde hadi mngurumo usikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zisipofika 30, shukeni bondeni au rudini kwenye gari, na msisimame chini ya mti mmoja pekee wala kushika mwavuli. Mwavuli wenyewe uacheni Dar, upepo wa huku unaugeuza ndani nje. Leteni koti la mvua lenye kofia, sweta nzito, soksi za sufu jozi mbili kila mtu, na buti za mpira, maana nyasi zinashika maji na viatu vya raba vinalowa kabla hamjamaliza dakika kumi. Kofia na mafuta ya kujikinga na jua pia. Watu wanadanganywa na baridi, wanaungua pua bila kujua. Mwendo uwe wa kilomita mbili kwa saa. Mkienda haraka kuliko hapo mtakuwa mnafanya mazoezi, hamtazami maua.

Na hapa naomba usome polepole, maana wengi wanapita juu ya okidi wakiitafuta. Usitarajie ua kubwa kama la kwenye sherehe. Nyingi ni bua moja lililosimama wima, urefu wa kiganja hadi goti, lenye maua madogo yaliyopangana kama punje kwenye suke. Piga magoti, uangalie nyuma ya ua moja. Ukikuta vijimkia viwili vinavyoning'inia, hiyo ni jamii ya Satyrium. Kijimkia kimoja, na juu ya ua kuna kama kofia, hapo fikiria Disa. Ua la kijani au jeupe lenye mkia mrefu mwembamba huenda ni Habenaria. Mkia huo una maji matamu mwishoni, na wanaoyafikia ni nondo wenye ulimi mrefu, ndiyo maana baadhi yake hunukia zaidi jioni. Simu inatosha kupigia picha, ila wekeni mwili wenu upande wa upepo ili bua litulie, na mpige picha tatu: ua kwa mbele, ua kwa ubavu mkia uonekane, na majani ya chini. Picha ya mbele peke yake haimsaidii mtu yeyote kutambua jina.

Kama miguu inaruhusu, inueni macho pia. Mbayuwayu wa bluu huja kuzaa huku wakati wa mvua, kisha huenda kuishi kiangazi upande wa Uganda na jirani zake.

Umeniuliza kama mnaweza kuchimba mbili tatu mkapande kwenye vyungu. Hapana, na sababu ya kwanza ni sheria: ndani ya hifadhi hakichumwi hata kijani. Lakini hata sheria isingekuwepo, isingeota. Okidi ya ardhini ina viazi viwili: kimoja cha mwaka jana kinachonyonywa na ua unaloliona, na kingine kichanga kinachojazwa kwa ajili ya mwaka ujao. Ukiing'oa umeondoa vyote. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina chakula ndani, zinategemea kuvu fulani walioko kwenye udongo uleule ili ziote. Dar hakuna kuvu hao, na usiku wenu ni wa joto. Hiki ndicho kinachofanya biashara ya chikanda iwe mbaya: viazi vinachimbwa na kusafirishwa Zambia, vinakaushwa, vinatwangwa na kupikwa na karanga mpaka vinashikana kama mkate. Chakula chenyewe kitamu, nisiseme uongo. Ila kila kipande ni mimea mingi isiyorudi.

Cha kufanya nyumbani kipo, na hakihitaji kuiba. Tengenezeni kibanio cha kukaushia maua, kwa maua ya kwenye uzio, pembeni mwa shamba na njiani. Nunueni plaiwudi ya milimita 9, mkate vipande viwili vya sentimita 30 kwa 45. Kateni maboksi ya karatasi ngumu vipande kumi, vidogo kidogo kuliko mbao, mishipa ya boksi ielekee upande mfupi ili hewa ipite haraka. Mpangilio ni boksi, magazeti manne, ua, magazeti manne, boksi, na kuendelea. Kamba mbili za kubania mizigo zinatosha kukaza.

Kinachoharibu ni unyevu. Ua likichumwa na umande ndani yake, litafanya kuvu hata ukaze vipi. Chumeni saa nne, petali zikiwa kavu. Badilisheni magazeti kila siku kwa siku tatu za mwanzo, baadaye kila baada ya siku mbili, na kwa hali ya hewa ya Dar mnaweza kumaliza siku kumi. Mahali pawe penye upepo, si juu ya jiko, kwa sababu joto kali linafanya rangi igeuke kahawia. Maua mazito kama ya mshubiri myapasue katikati kwanza, la sivyo yataoza ndani wakati nje yamekauka. Likiwa tayari, ua halipindi unapoliinua. Libandikeni kwenye manila kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, nukta nukta, si kulipaka lote. Andikeni chini mahali, tarehe, na rangi ya ua lilipokuwa hai. Rangi ndiyo inayopotea kwanza.

Magazeti leteni ya kwenu, kilo mbili hivi. Huku yanafika machache na yakifika yanawashia moto.

Wasalimie wote.

Baba yako